Wadudu waliogandia kwenye boneti

Umeuliza kama usugue wadudu waliogandia baada ya safari ya usiku. Hapana, usisugue wakiwa wakavu, utachora rangi. Lowesha kitambaa laini kwa maji ya uvuguvugu yenye shampuu ya gari, kilaze juu ya madoa dakika 5 hadi 10, kisha futa taratibu bila kukandamiza. Yakigoma, rudia. Dodoki la vyombo libaki jikoni (nimeshaona boneti iliyoharibiwa hivyo, inasikitisha). Gari liwe kivulini, bodi imepoa. Ila usingoje wikiendi: majimaji ya wadudu yana asidi, na jua likiyapiga yanakula tabaka la juu la rangi. Ukishakausha paka nta, safari ijayo watatoka kirahisi.