Umeshinda Mnada? Funguo Zisubiri Kidogo

Mtu akishinda mnadani hapa Malindi nyumba ambayo benki inaiuza kwa deni la mwenyewe, anachokitaka kwanza ni funguo. Namwelewa. Kwa kawaida ameshatoa asilimia 25 nyundo ilipogonga, salio amepewa siku 90, kodi ya anakokaa inamla, na paa la nyumba yake mpya kule Maweni linavuja. Kwa nini asiite fundi?

Asiite. Nyundo humwondolea mdaiwa haki ya kuikomboa nyumba, lakini haimpi mnunuzi mlango. Mpaka salio lilipwe na msajili wa ardhi aandike jina lako, kwenye rejista nyumba bado ni ya mdaiwa. Akipata amri ya mahakama kusimamisha uhamisho, saruji uliyoimwaga utamdai nani?

Tuliponunua sisi, mdaiwa alituletea funguo mwenyewe. Alitaka kuhama kimyakimya. Mdogo wangu alifurahi sana. Nilimsihi asubiri, tukamwandikia wakili wa benki. Jibu lilikawia, ila lilikuja kwa maandishi: ingieni kwa dhamana yenu, msijenge wala kubomoa, na msipolipa salio mtatoka. Barua ya namna hiyo ndiyo uitafute. Kauli ya dalali kwa simu haitoshi, hata akiwa mtu wa heshima. Kazi yake ni kuuza. Ukishaipata barua hiyo, ikatie nyumba bima kabla hujalala ndani.

Mapema zaidi, kabla hujanyanyua mkono mnadani, omba nakala za ilani. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaidai benki ilani ya miezi mitatu ya kulipa deni, kisha ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye hutoa yake ya siku 45. Ilani iliyorukwa hapo ndiyo mdaiwa huikimbilia mahakamani.

Na wakiwamo watu ndani? Hapa nasema kwa uchungu, maana nimeona watoto wakitolewa vitanda nje. Usibadilishe kufuli, usikate maji. Hata hati ikiwa yako, sheria inataka ilani ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu. Mpitie mzee wa mtaa, kaeni mzungumze. Familia nyingi huhama kwa hiari zikipewa muda na nauli ya lori.

Siku ya kukabidhiana, piga picha kila chumba, andika namba za mita ya umeme na maji, kisha wewe na anayekukabidhi mtie sahihi.