Kwa maseremala wadogo wa Lubumbashi wanaoitafuta Kanada

Wadogo zangu, mnaokuja kuniuliza habari za Kanada hapa Katuba karibu wote mnaanza na pasipoti na tiketi. Hayo ni ya mwisho. La kwanza ni hili: kazi uliyofanya, nani ataithibitisha, na kwa karatasi gani?

Mpango wa Kanada wa mafundi stadi, ule wa serikali kuu wa kupata ukaazi wa kudumu, unataka miaka miwili ya kazi ya kulipwa ndani ya miaka mitano kabla ya kuomba. Wanahesabu saa 30 kwa juma, kwa hiyo jumla ni saa 3,120. Diploma si sharti la mpango huu, na aliyejifunzia kwa mjomba wake asijidharau. Lakini miezi uliyofagia maranda kwa patroni bila mshahara haihesabiwi.

Mwombe patroni barua ungali kwake, mkiwa bado mnaelewana. Iwe na kichwa cha atelie, simu na sahihi. Itaje cheo chako, tarehe ulizoanza na kumaliza, saa kwa juma, mshahara, na kazi zenyewe. Nimesoma barua nyingi zinazosema tu "ni kijana mwaminifu, mchapakazi". Ofisa wa uhamiaji hawezi kufanya lolote na sifa hizo. Anatafuta kwamba ulisoma mchoro, ukapima na kukata mulombwa kwa mashine, ukachonga viungo, ukaunganisha kabati, ukalipiga msasa na vanishi.

Mwenye atelie yake ana kazi kubwa zaidi. Kanada haikubali ujiandikie mwenyewe orodha ya kazi zako, na hati ya kiapo haitoshi. Inataka ushahidi unaotoka kwa wengine: fakitire, mikataba, malipo yaliyopita benki, usajili wa RCCM, yaani daftari la serikali la biashara. Na hapa kwetu mambo yanaendaje? Mteja anakuja na dola mkononi, mnapatana kwa mdomo, kitanda kinapakiwa, kwisha. Miaka kumi ya ufundi inapita hivyo bila hata mstari mmoja ulioandikwa, na hilo linaniuma kuliko yote, maana mikono mnayo. Nunua daftari la fakitire lenye kopi. Hata kwa kiti kimoja, andika tarehe, jina na simu ya mteja, aina ya mbao, vipimo, bei, naye atie sahihi.

Halafu chagua namba ya kazi. Kwa Kanada, 72310 ni charpentier-menuisier, mtu wa kujenga. 72311 ni ébéniste, mtu wa makabati na samani. Sisi tunafanya vyote: asubuhi uko juu ya paa Ruashi, jioni unamalizia meza. Tazama ni kazi ipi imekula saa zako nyingi, uombe kwa hiyo. Barua ikieleza makabati na fomu ikasema 72310, faili inajipinga yenyewe.

Kifaransa ni mtaji wetu. Mtihani ni TEF Canada au TCF Canada, na mpango huu unataka, kwa kipimo cha lugha cha Kanada, kiwango cha 5 katika kusikia na kuongea, cha 4 katika kusoma na kuandika. Fanyeni mazoezi ya kuandika hasa. Matokeo yanadumu miaka miwili, kwa hiyo msikimbilie mtihani kabla barua hazijakamilika.

Sasa pagumu. Lazima uwe na ofa ya kazi ya angalau mwaka mmoja au cheti cha ufundi kilichotolewa na jimbo la Kanada. Tangu 25 Machi 2025 ofa haiongezi pointi ambazo Kanada hutumia kuwapanga waombaji, ila bado inatimiza sharti hili. Kwa aliyemaliza sekondari na anayefikia kiwango cha 7 cha lugha, ningemshauri aangalie pia mpango wa wafanyakazi stadi: mwaka mmoja mfululizo wa kazi unatosha, na hapo diploma yake, ikishalinganishwa na ya Kanada, ina thamani. Kutimiza masharti kunakuingiza tu kwenye foleni ya waombaji, inayoitwa Express Entry. Mwaliko wa kuomba ukaazi ni jambo jingine.

Asiye na kibali cha kufanya kazi Kanada ataonyesha pia pesa: mwaka 2025, mtu mmoja alitakiwa dola 15,263 za Kanada. Zisiwe za kukopa. Barua ya benki huonyesha wastani wa miezi sita.

Wanaotaka Montreal wajue kwamba Québec huchagua watu wake kwa utaratibu wake. Na anayewauzia "nafasi" mumwombe namba ya leseni yake ya ushauri wa uhamiaji. Kufungua wasifu wa Express Entry ni bure.

Jambo moja la kazi yenyewe. Nyumba zetu ni matofali, mbao ziko paani. Kule nyumba nyingi kuta zake ni fremu za mbao, na wanapima kwa futi na inchi. Mbao wanayoiita mbili kwa nne ina milimita 38 kwa 89 halisi, na nguzo za ukuta mara nyingi hukaa inchi 16 katikati hadi katikati. Tafuteni mita yenye sentimita upande mmoja na inchi upande mwingine, mzoee inchi kwenye kazi mliyo nayo wiki hii.