Mwanangu, anza na pasipoti ya bibi yako, meli itafuata

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza mambo mawili: safari ya Alaska ya mwakani mpande meli Seattle au Vancouver ya Kanada, na je, bibi yako akija kutoka Tanga ataiweza kwa magoti yake yale? Ataiweza. Ila wewe umeanza na meli, nami nakuomba uanze na pasipoti yake.

Meli kubwa za kitalii karibu zote zimesajiliwa nje ya Marekani, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 haiziruhusu kuchukua abiria kwenye bandari ya Marekani kumtembeza bandari nyingine za Marekani na kumrudisha hapo hapo bila kugusa nchi nyingine. Ndiyo maana safari za siku 7 zinazoanzia na kuishia Seattle hupitia Kanada, mara nyingi mjini Victoria, kwa saa chache tu za jioni. Nyinyi wenye pasipoti za Marekani hamtaona tofauti yoyote. Bibi mwenye pasipoti ya Tanzania anatakiwa awe na viza ya Kanada hata kama hatatia mguu nchi kavu, na viza yake ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana baada ya Kanada anahesabiwa kuingia upya. Tazama kwenye ile viza ya Marekani mahali palipoandikwa idadi ya kuingia. Herufi M ni mara nyingi. Ukikuta 1, usilipe hata senti mpaka umeonana na mwanasheria wa uhamiaji. Karatasi zikipungua, abiria huzuiwa pale pale kaunta siku ya kuondoka, wajukuu wakiwa wameshika mabegi, na nauli hairudi.

Viza ya Kanada huombwa mtandaoni, kisha mwombaji huitwa kutoa alama za vidole na picha. Aanze akiwa bado nyumbani, miezi 5 au 6 kabla. Kwenye tiketi andika majina yake kama yalivyo kwenye pasipoti, yote matatu, si jina la mtaani. Mwenzio mwenye grinkadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, abebe kadi yenyewe pamoja na pasipoti hai ya nchi yake. Picha ya simu haitamsaidia.

Sasa meli. Zinazotoka Seattle kwa kawaida hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, bahari kuu ya Pasifiki, na hapo ndipo watu wengi hulewa bahari. Zinazotoka Vancouver hupita ndani, kati ya kisiwa na bara, maji yametulia. Kwa kuwa viza ya Kanada lazima aipate kwa vyovyote, mimi ningechukua Vancouver. Chumba kiwe katikati ya meli, sitaha za chini, karibu na lifti. Omo na tezi ndiko kunakonesa zaidi. Fikeni siku moja kabla ya meli kung'oa nanga, maana ndege ikichelewa meli haisubiri.

Usichague meli kwa picha za mabwawa ya kuogelea. Soma ratiba uone ni wapi mtakapoona mito ya barafu. Glacier Bay, ghuba yenye mito ya barafu, ndiyo ya kutafuta. Ni hifadhi ya taifa, meli kubwa hazishushi abiria humo, na zinazoruhusiwa ni 2 tu kwa siku, ndiyo maana si kila kampuni inaingia. Walinzi wa hifadhi hupanda melini asubuhi na kueleza kwa kipaza sauti. Mwaka 1794 mabaharia wa nahodha Mwingereza George Vancouver walipopita, ghuba hiyo ilikuwa imejaa barafu karibu yote. Leo meli husafiri zaidi ya kilomita 100 ndani yake kabla ya kufika Margerie, ukuta wa barafu wenye upana wa kilomita moja na nusu hivi.

Siku hiyo tokeni nje mapema. Meli husimama mbele ya ukuta na kujigeuza taratibu, kwa hiyo msigombee upande. Waambie watoto wategemee macho, wasingoje mlio wa barafu ikimeguka. Sauti huchelewa njiani, na ukisikia ngurumo kipande kimeshaanguka majini, mmebaki na mawimbi tu. Waangalie palipo na buluu kali, ndipo barafu ilipomeguka karibuni. Ile buluu hutokana na barafu iliyobanwa mpaka ikakosa mapovu ya hewa, hivyo humeza wekundu wa mwanga. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, inatosha. Yenye nguvu zaidi hutikisika mkononi.

Nguo ndizo huharibu safari za watu wa kwetu. Juni na Julai mijini kuna nyuzi 10 hadi 18, lakini upepo unaoshuka kutoka kwenye barafu hukata. Na Ketchikan, mmojawapo wa miji hiyo, hupata mvua ya takriban milimita 3,800 kwa mwaka. Pamba ikilowa hubaki imelowa na kumnyonya mtu joto, na bibi yako hawezi kukaa bila kanga. Basi avae fulana na suruali ya ndani ya sufu au nailoni, juu yake sweta zito, kisha koti la mvua lenye kofia, refu hadi magotini. Dera likatwe liishie juu ya kifundo, kwani pindo likiburura gatini hulowa na baridi hupanda nalo. Kanga ajifunge kichwani, ndani ya kofia. Mwavuli acheni nyumbani, upepo utaupindua.

Magoti sasa. Maji kupwa na kujaa kule ni makubwa. Juneau, mji mkuu wa Alaska, wakati wa bamvua tofauti yaweza kupita mita 6. Daraja la kushukia ambalo asubuhi lilikuwa tambarare, baada ya muda wa saa sita linaweza kuwa mlima. Uliza wahudumu maji yanajaa saa ngapi, mumshushe na kumrudisha yakiwa juu. Kiti cha magurudumu nunueni au kodini chenu, vya melini ni vya dharura. Mkifika mji wa Skagway mpelekeni kwenye treni ya White Pass, ile ambayo reli yake ilijengwa 1898 hadi 1900 wakati wa mbio za dhahabu: amekaa kitako, milima inapita dirishani. Boti ya kutazama nyangumi ya Juneau ni ndogo na inarushwarusha. Kama anataka, ameze dawa ya kichefuchefu saa moja kabla, baada ya daktari wake kuikubali pamoja na zile za presha. Msichelewe kurudi melini Juneau. Mji huo hauna barabara ya kwenda popote, ukiachwa ni ndege au feri.

Chakula cha halali kiandikishe siku unapolipa arubuni, si ukiwa melini. Na sala: mwishoni mwa Juni Juneau jua huchomoza kabla ya saa 10 alfajiri na kuzama baada ya saa 4 usiku, wala giza kamili haliingii, kwa hiyo programu ya simu inaweza kukupa wakati wa Isha wa ajabu. Muulize sheikh wa msikiti wenu mapema, mwende na jibu moja, bibi yako asije akakesha akiisubiri Isha.

Bima ya matibabu ya bibi iwe na kipengele cha kusafirishwa kwa ndege akiugua. Zahanati ya meli hutoza kila kitu.

Leo jioni mpigie, umwombe asome herufi iliyopo kwenye viza, kisha uniambie.

Baba yako