Jibu: diski ya zamani ya USB inajikata kwenye Linux

Umesema diski yako ya USB inajikata, na ukashauriwa uizuie uas (draiva ya kasi ya diski za USB) isipakiwe kabisa. Usiipige marufuku uas nzima hivyo, diski itapotea kabisa. usb-storage, draiva ya kawaida ya diski za USB, ikiona kifaa kinaweza kutumia uas inakiachia, kwa hiyo hakuna draiva itakayokishika.

Kizuie kifaa hicho kimoja tu. Andika lsusb (amri inayoorodhesha vifaa vya USB) uone namba zake mbili baada ya neno ID, kisha tengeneza faili /etc/modprobe.d/uas.conf lenye mstari huu:

options usb-storage quirks=1234:5678:u

(weka namba zako, hiyo u mwishoni ndiyo inayosema "achana na uas"). Halafu sudo update-initramfs -u kwa Debian na Ubuntu, au dracut -f kwa Fedora, uwashe upya. lsusb -t ikionyesha Driver=usb-storage, imekubali.

Kwenye Raspberry Pi inayowakia kwenye diski hiyohiyo, ongeza usb-storage.quirks=1234:5678:u ndani ya cmdline.txt (faili la vigezo vya kuwasha), mstari uleule, usishuke chini.

Mimi kasha langu la zamani la diski lilitulia hivyo. Kasi itashuka kiasi, maana amri hazipangwi tena foleni. Ila kama dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kernel) haitaji uas popote, angalia kwanza waya na umeme.