Barua kwa Zuhura: kuhusu lile bango la bangi ukutani

Mwanangu Zuhura,

Salaam nyingi kutoka Long Beach, California. Sisi wazima, ila mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi. Ujumbe wako niliusoma baada ya isha, nikaona maneno haya hayafai kuzungumzwa kwa simu.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, huko uliko umeona bango jingine la Rolly Crump, yule mchoraji wa lile la ukutani kwangu, linauzwa, je, uninunulie? La pili ndilo lililoninyima usingizi: "Baba, ulitukataza hata kusimama karibu na mtu anayevuta sigara. Ami Salim aliuawa na unga wa kulevya. Mbona umetundika ukutani karatasi inayowaambia watu wavute bangi?"

Naanza na hilo la pili. Una haki ya kuuliza, nami nimechelewa kukueleza.

Huyo Crump alizaliwa mwaka 1930 huko Alhambra, si mbali na hapa. Alikuwa kibarua wa kiwanda cha vyombo vya udongo, kazi yake kuvichovya vyombo kwenye dawa ya kuving'arisha. Mwaka 1952 alipata kazi ya kuchora Disney, kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kiwandani. Akaukubali. Ili nyumbani pasikose chakula, wikiendi alikwenda kujenga chemba za maji taka. Nilipolisoma hilo nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki, lakini mimi hapa mjini niliosha sahani usiku ili mchana nijifunze kutengeneza fremu, kwa malipo yasiyotosha hata nauli. Mtu anayekubali kupungukiwa ili mkono wake ufanye kazi unayoipenda, huyo namwelewa.

Mwaka 1959 akahamishiwa kwenye kikosi kilichobuni Disneyland. Unaikumbuka ile saa kubwa yenye uso unaocheka, uliyoililia tusiondoke mpaka ilie tena? Mkono wake umo pale. Ile bustani yenye sanamu za miungu ya visiwa vya Pasifiki, kwenye ukumbi wa ndege wanaoimba uliofunguliwa mwaka 1963, ni kazi yake pia. Kwa maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1964 alibuni mnara wa futi 120 uliojaa vitu vya kuzungushwa na upepo. Maonyesho yalipokwisha, mnara haukurudishwa California, ulivunjwa. Nami huufikiria mnara huo kila ninapoona mtu anaviringisha karatasi ya zamani na kuitia kwenye pipa la taka.

Sasa, mtu huyohuyo aliyewachekesha watoto mchana, nje ya saa za kazi alikuwa akichora mabango ya mzaha kwa ajili ya vijana wa migahawa ya kahawa, wale wenye ndevu na mashairi waliokataa kuishi kama wazee wao. Hayo ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla San Francisco haijajaa mabango ya muziki yenye herufi zinazoyeyuka kama nta. Lile langu la bangi limetoka huko.

Lisome vizuri, mwanangu. Limeandikwa kwa lugha ya tangazo la biashara. Wakati ule sigara zilitangazwa kwenye televisheni za Marekani kila jioni: mwanamume shupavu, farasi, machweo, vuta uwe kama yeye. Ripoti ya serikali iliyosema wazi kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu ilitoka Januari 1964, na bado matangazo yaliendelea hewani hadi mwanzoni mwa 1971. Crump alichukua sauti ileile tamu ya muuzaji akaipachika kwenye kitu ambacho polisi wangekukamata nacho. Ukicheka, umeshaisikia ile sauti kwa masikio mapya, na ukirudi kwenye televisheni huwezi tena kuiamini. Mimi ndivyo ninavyolisoma. Sisi tuliolelewa na kanga tunajua kwamba maneno yaliyochapwa yana aliyelengwa, na si lazima awe yule yanayemtaja.

Lakini sikudanganyi kwamba kila mzaha naustahimili. Mwaka wa tatu tangu nianze kukusanya, mteja mmoja aliniletea dukani bango la zama hizohizo, mzaha wa afyuni. Rangi zake zilikuwa nzima kama limetoka jana kwa mchapaji, na bei ilikuwa ya kirafiki. Nililishika dakika nzima. Afyuni ndiyo mama wa unga. Nikamwona Salim amekaa kwenye baraza ya nyumba yetu Majengo, mikono ya shati ameishusha hadi viganjani kwenye joto la Februari ili bibi yako asione. Nikamrudishia mteja karatasi yake. Sikumwambia sababu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ninachokiweka ni kazi ya mkono wa mtu aliyekuwa na mwajiri, na bado akabaki na kitu chake mwenyewe cha kusema. Sigara ni marufuku nyumbani kwangu hadi leo, na bangi vilevile. Ila umenifanya nifikirie wageni wa mama yako, ambao hawaijui hadithi hii na wanaona tu bangi ukutani. Jana nimelihamishia karakana, juu ya meza ya kukatia kadibodi. Jua la dirishani halilifikii pale, na hilo nilipaswa kulifanya mapema.

Tuje kwenye la kununua. Usiangalie picha kwanza, angalia karatasi. Chukua kile kioo cha kukuza nilichokupa, kiweke juu ya herufi nyeusi. Bango lililochapwa kwa mashine ya ofseti wakati wake, kwa kawaida herufi zake ni wino mmoja mzima, ukingo umekatika kama wembe. Nakala iliyopigwa picha kutoka kwenye bango lingine na kuchapwa upya mara nyingi huwa na herufi zilizojengwa kwa vitone, na ukingo wake una ukungu. Ukiona vitone vimetawanyika ovyo kama manyunyu, hiyo imetoka kwenye printa ya siku hizi. Kama limechapwa kwa skrini, yaani wino umesukumwa kupitia kitambaa cha wavu, wino umelala juu ya karatasi. Liinamishe kwenye mwanga wa pembeni utauona umeinuka kidogo.

Watu watakwambia ulimulike kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, likiwaka ni bandia. Usiwasikilize. Karatasi za miaka ya 1960 nyingi zilikuwa tayari zinatiwa dawa ya weupe, zinawaka nazo. Kipimo hicho ni cha karatasi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Kisha geuza nyuma. Matundu ya pini kwenye pembe hayanisumbui hata kidogo. Bango lilitundikwa, ndiyo kazi yake. Ninachokiogopa ni selotepu. Bango langu la kwanza nililiunga mpasuko kwa selotepu, nikijiona fundi. Baada ya miaka minane gundi ilipenya hadi mbele, ikaacha mstari wa rangi ya chai iliyokolea, katikati ya uso wa mwanamke aliyechorwa. Hautoki. Na likiwa limegandishwa kwa gundi kwenye ubao, liache, hata likiwa la kweli, kwa sababu kulibandua ni kulichana.

Mwombe muuzaji picha mbili: ya nyuma yote kwenye mwanga wa dirisha, na ya herufi moja kwa karibu. Akikataa, ondoka. Akikubali, nitumie kabla hujatoa pesa. Likiwa zuri, nitachangia nusu. Na asilikunje, alilaze baina ya kadibodi mbili.

Mama yako anasema Idi uje siku mbili kabla, ameshaagiza mchele wa biriani.

Babako