Maswali na majibu: Hewa ukaa ya viwanda vya Trinidad na Tobago

Maswali yote ya safari hii yanahusu Trinidad na Tobago, visiwa viwili vya Karibi vilivyo jirani na Venezuela, vyenye watu takriban milioni 1.4.

Nchi ndogo hivyo inawezaje kuwa miongoni mwa vinara wa dunia wa hewa ukaa kwa kila mtu?

Ni hesabu ya kugawanya. Hewa ukaa ya viwanda vinavyouza dunia nzima inagawanywa kwa watu wachache, na jibu linazidi tani 20 kwa mtu kwa mwaka, wakati wastani wa dunia haufiki 5. Gesi asilia inachimbwa baharini na kupelekwa Point Lisas, pwani ya magharibi, ambako ilijengwa mitambo zaidi ya 10 ya amonia (kemikali ya kutengenezea mbolea) na 7 ya methanoli (aina ya pombe ya viwandani inayoweza pia kuchomwa). Nyingine inakwenda Point Fortin, ambako tangu 1999 inapozwa hadi kuwa kimiminika. Bidhaa karibu zote zinapakiwa melini. Moshi unabaki kwenye daftari la Trinidad.

Amonia ni naitrojeni na haidrojeni tu. Hewa ukaa inatoka wapi?

Inatoka kwenye gesi inayonyang'anywa haidrojeni yake. Kwanza gesi husafishwa salfa, maana salfa kidogo tu huua kichocheo cha nikeli. Kisha huchanganywa na mvuke na kupitishwa ndani ya mabomba yenye kichocheo hicho, tanuru likiwaka nje ya mabomba kwa joto la nyuzi 800 na zaidi. Baadaye huingizwa hewa, ambayo ndiyo inayoleta naitrojeni. Karibu kaboni yote ya malighafi huishia kuwa hewa ukaa, na lazima iondolewe kabla ya hatua ya mwisho kwa sababu inaharibu kichocheo cha chuma kinachounganisha amonia.

Kwa hiyo mtambo mmoja una midomo miwili. Mmoja unatoa hewa ukaa safi karibu asilimia 100, kama tani 1.2 kwa kila tani ya amonia. Wa pili ni bomba la moshi la tanuru, ambako hewa ukaa ni asilimia 10 hivi au pungufu, iliyobaki ikiwa naitrojeni na mvuke. Miongozo ya 2006 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inatoa jumla ya tani 1.694 kwa tani ya amonia kwa mtambo wa kisasa, na 2.104 kwa wastani wa mitambo ya Ulaya ya wakati huo. Kwa mtambo wa tani 1,850 kwa siku hiyo ni takriban tani 3,130 au 3,890. Tofauti ya tani 760 kila siku inategemea umri na matunzo ya mtambo.

Na methanoli?

Ni nafuu: tani 0.67 kwa tani. Kaboni nyingi inabaki ndani ya bidhaa yenyewe, na itahesabiwa kule itakakochomwa.

Nimelinganisha majedwali mawili ya hewa ukaa ya nchi hii, hayakaribiani hata kidogo. Niamini lipi?

Kabla ya kuamini lolote, tazama gesi ya amonia imewekwa safu gani. Mwongozo wa 2006 unataka gesi ya malighafi na ya tanuru zote ziandikwe chini ya viwanda, kisha ziondolewe kwenye safu ya nishati. Mtu akichukua takwimu za gesi yote iliyotumika nchini, akaizidisha kwa kilo 56.1 kwa gigajuli kana kwamba yote imechomwa, halafu akaongeza amonia juu yake, amehesabu kitu kimoja mara mbili. Na methanoli kaihesabu kama moshi hali imeshasafirishwa. Kwa nchi nyingi kosa hili ni dogo. Kwa Trinidad linaharibu jedwali zima.

Takwimu za miaka ya karibuni zinashuka. Sera zimefaulu?

Kwa sehemu kubwa, gesi imepungua. Mwaka 2010 uzalishaji ulipita futi za ujazo bilioni 4 kwa siku. Siku hizi ni kama bilioni 2.5. Kiwanda cha chuma cha ArcelorMittal kilifungwa 2016, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Pointe-à-Pierre 2018, na mtambo wa kwanza wa Point Fortin umelala tangu mwishoni mwa 2020. Petroli sasa inaagizwa kutoka nje, magari ni yale yale.

Jambo linalosahaulika: mtambo ukipewa gesi pungufu, tanuru na kompresa hazipungui kwa kiwango hicho hicho. Na kila unapozimwa na kuwashwa, gesi kibao inachomwa bure kwenye mnara wa kuteketezea gesi. Jumla inashuka huku kila tani ya amonia ikizidi kuwa chafu. Mimi ningetazama takwimu hii ya pili, ya kila tani, kabla ya kumpongeza mtu.

Hewa ukaa safi ya amonia si ingefukiwa ardhini?

Ingewezekana, na kuanzia miaka ya 1970 iliwahi kusukumwa kwenye visima vya mafuta vya kusini mwa Trinidad ili kuongeza mafuta. Ugumu ni huu: ikitoka mtamboni ina unyevu, na hewa ukaa yenye maji ni asidi inayotafuna bomba la chuma. Lazima ikaushwe, kisha ikandamizwe kupita bar 74 (kama mara 74 ya shinikizo la hewa ya kawaida), kazi inayokula kama kWh 100 kwa tani. Anayeanza na moshi wa tanuru badala ya mdomo safi anajitafutia gharama.

Tanzania ikijenga kiwanda cha mbolea ya urea kwa gesi yake, hesabu itakuwaje?

Urea inatengenezwa kwa amonia na hewa ukaa, tani 0.733 kwa tani ya urea. Kiasi hicho kinatolewa kwenye hesabu ya kiwanda na kuandikwa pale mbolea inapomwagwa, kwa kuwa udongoni kinatoka tena. Mifuko miwili ya kilo 50 shambani ni kilo 73 za hewa ukaa, hata kama urea ilitoka ng'ambo. Mfuko ukiuzwa nje, kilo zake zinaondoka nao. Zile za tanuru hazitoki nchini.