Maswali yenu: Mbona kibatari kinalipa kodi kama lori?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina kaduka huku Singida, nauza mafuta ya taa ya kupima. Juzi bibi mmoja kaja na kichupa chake cha soda nikamtajia bei, akanisonya! Nikamwambia bibi sio mimi ni kodi, akaniuliza, "Sasa serikali inataka nini kwenye kibatari changu?" Nikakosa jibu, nisaidie. (Mama wa duka)

JIBU: Mama, bibi kauliza la maana kweli, maana kodi ile haikumlenga yeye kabisa, aliyelengwa ni mtu wa sheli na wa malori, bibi kapita tu njiani.

Iko hivi. Kabla ya 2011 mafuta ya taa yalikuwa yanalipa ushuru wa bidhaa shilingi 52 kwa lita, dizeli 314, na dizeli ina tozo ya barabara juu yake. Sasa hayo mafuta ni kama ndugu wa tumbo moja, ukiyachanganya gari linawaka na linaondoka vizuri tu, kwahiyo mjanja anachukua ya taa anamwaga kwenye tenki la dizeli, anauza yote kwa bei ya dizeli na ile tofauti ya kodi inabaki mfukoni kwake. Ndo kipindi kile kila mtu mdomoni ana neno kuchakachua, mpaka kura zikawa zinachakachuliwa.

Mwenye gari ndo analia. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi pampu kama dizeli. Fundi wangu aliwahi kunifungulia pampu moja, chuma ndani kimekwaruzika utadhani kimepigwa msasa.

Mwaka 2010 EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wakaanza na vinasaba, yani mafuta yanatiwa alama ukiyapima sheli unajua yamechezewa. Sawa, ila mkaguzi hawezi kulala kwenye kila sheli. Bajeti ya 2011/12 ikaja na dawa nyingine: ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa toka 52 hadi 400.30, wa dizeli ukashushwa toka 314 hadi 215, ukijumlisha na ile tozo ya barabara mzigo wa kodi ukawa karibu sawa, na mtu achanganye ili apate nini? Kenya nao 2018 wakabandika shilingi 18 zao kwa kila lita ya mafuta ya taa, na jina la tozo halifichi kitu, ni ya kuzuia uchakachuaji.

Mimi nasema ilikuwa akili kubwa, ila bili kapelekewa mtu ambaye hata baiskeli hana. Wapo wanaosema bora, itamsukuma ahamie sola, na kwa taa nakubali, moshi wa kibatari unaua macho. Lakini sola ya bibi haichemshi chai mama yangu, na mwenye jiko la mchina mafuta yakimshinda anarudi kwenye mkaa, hapo ushamwokoa mwenye lori umekata mti.

Bibi akirudi mwambie analipa ili pampu ya lori isife, najua atasonya tena. Halafu weka vitaa vya sola hapo kaunta, mkopeshe kimoja alipe kidogokidogo kila akija kununua chumvi.